Mwandiko Unaosinyaa: Wilhelm von Humboldt na Tungo za Mkono Uliotetemeka

Wapenzi wa ushairi huupima umri wa mtunzi kwa diwani zake. Mimi, ambaye sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kufasiri tungo za watu wengine, hupima umri wangu kwa madaftari. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikitafuta ubeti mmoja niliouacha nusu, nikayatoa madaftari yote kabatini na kuyapanga chini kwa kufuata miaka. Ndipo nilipoona jambo ambalo jicho halikupata kuliona siku hadi siku. Katika madaftari ya zamani herufi zilisimama na kimo chao. Katika yale ya karibuni mstari ulianza na herufi za kadiri, ukaendelea ukipungua, na ulipofika ukingoni maneno yalikuwa madogo mfano wa chembe za mchanga, hata mwenyewe nikashindwa kuyasoma.

Nilidhani ni macho. Mke wangu alidhani nimeanza kuifanyia ubahili karatasi. Daktari aliniambia niandike jina langu mara sita, kisha nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Akaona kwamba mkono wa kushoto unakwenda na kurudi kama ilivyo ada ya mtembeaji, na wa kulia umelala ubavuni kama mtu asiyehusika na safari. Baada ya hapo akanitajia jina la Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1824.

Haya si makala ya madaftari yangu. Nimeyataja ili msomaji ajue kilichonipeleka katika historia hii, na kwa nini nimeisoma kwa pupa isiyo ya mtafiti. Sisi tuliojisomea wenyewe, bila ya chuo wala msimamizi, mara nyingi huenda vitabuni tukiwa na haja. Haja yangu ilikuwa swali moja: je, amewahi kutokea mtunzi aliyeshikwa na maradhi haya akaendelea kutunga, na kama alitokea, alifanyaje?

James Parkinson alikuwa tabibu wa Hoxton, mtaa wa London, aliyezaliwa mwaka 1755. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alikusanya visukuku vya viumbe vya kale, akaandika vijitabu vya siasa vya kuwatetea wanyonge. Mwaka 1817 alichapisha insha fupi juu ya kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Insha ile ilisimama juu ya watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani, akautambua ugonjwa kwa mwendo wao. Alieleza mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mwili unaoinama mbele, na hatua zinazoharakia kama za mtu anayekimbilia kuanguka. Insha haikuvuma. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo Jean-Martin Charcot wa Paris alipoyapa maradhi hayo jina la Parkinson, akiongeza kwamba si wote wanaougua hutetemeka.

Katika mwaka huohuo wa 1817 alifika London balozi wa Prussia, mwanazuoni mwenye umri wa miaka hamsini, Wilhelm von Humboldt. Alikaa hapo mwaka mmoja hivi. Mgonjwa na kitabu cha ugonjwa wake walikuwa katika mji mmoja, kabla ya mgonjwa kuugua. Jina lile halikupata kumfikia: hadi anaingia kaburini aliamini kwamba alichonacho ni uzee uliomjia kabla ya wakati.

Wengi wamjuao Humboldt humjua kwa ajili ya chuo kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810 kutokana na juhudi zake, au humchanganya na mdogo wake Alexander, msafiri mashuhuri wa Amerika ya Kusini. Mimi nilimjua kwanza kama mfasiri mwenzangu. Alianza kuifasiri tamthilia ya Agamemnon ya Aeschylus, kutoka Kiyunani kwenda Kijerumani, mwaka 1796, na hakuichapisha mpaka 1816. Miaka ishirini kwa kitabu kimoja! Sababu yake itamgusa kila ajuaye thamani ya mizani: hakuridhika kuhamisha maana peke yake, alitaka na mapigo ya mashairi ya Kiyunani yahamie katika Kijerumani. Kwake yeye, shairi lililofasiriwa bila ya mapigo yake lilikuwa limefasiriwa nusu.

Mwishoni mwa mwaka 1819 mfalme alimwondoa kazini, akarejea nyumbani kwake Tegel, karibu na Berlin, kuzishughulikia lugha. Mkewe Caroline alifariki mwezi wa Machi 1829. Ni katika miaka hiyo ndipo mwili ulipoanza kumgeuka: mgongo ukainama, mikono ikatetemeka, mwandiko ukasinyaa. Majira ya joto alikwenda kuoga maji ya bahari katika kisiwa cha Norderney akitaraji nafuu. Bahari, kama tujuavyo sisi tuliozaliwa kandokando yake, huburudisha mengi na kuponya machache.

Tunayajua hayo kwa sababu aliyaandika mwenyewe. Tangu ujana wake alikuwa na rafiki aitwaye Charlotte Diede, waliyekutana mwaka 1788. Mwaka 1814 bibi huyo alimwandikia tena baada ya ukimya mrefu, na barua baina yao ziliendelea hadi mwaka wa kifo chake, 1835. Ndani ya barua hizo, pamoja na mazungumzo ya nyota, dini na majira ya mwaka, Humboldt aliueleza mkono wake kwa utulivu wa mtu anayechambua sarufi ya lugha ngeni. Aliona kwamba mkono hutetemeka zaidi ukiwa hauna kazi. Kisha akatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi wangeyachanganya. Kinachomzuia kuandika, alieleza, si kule kutetemeka. Ni uzito fulani, kushindwa kwa mkono kuunganisha harakati ndogondogo nyingi kwa haraka, moja baada ya nyingine, kama uandishi unavyotaka. Mwaka 1995 matabibu wa mishipa ya fahamu walizichambua barua hizo katika jarida lao na kuonesha kwamba huenda hayo ndiyo maelezo kamili ya kwanza ya ugonjwa wa Parkinson kutolewa na mgonjwa mwenyewe. Parkinson alitazama kutoka nje. Humboldt alitazama kutoka ndani.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimejaribu miezi kadhaa kumweleza mke wangu jambo hilohilo nikashindwa. Watu huuona mkono unaotetemeka wakauonea huruma, lakini mtetemeko ni jirani mwenye kelele tu. Mwizi ni yule mwingine, asiye na sauti, anayeondoka na wepesi. Kufunga kifungo cha kanzu, kukunja kitambaa, kuandika neno “mwanamwali” bila ya kukwama kwenye m ya pili: haya yote mtu huyafanya bila ya kuyafikiri, na maradhi haya humlazimisha kuyafikiri.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikielekea. Mzee huyu, mjane, mwenye mgongo ulioinama na mwandiko usiosomeka, alifanya nini katika miaka yake mitatu ya mwisho? Alitunga soneti. Kila siku soneti moja. Alizitunga kichwani, akazitoa kwa imla, naye karani akaziandika. Alipofariki tarehe 8 Aprili 1835 zilikuwa zimezidi elfu moja. Hakuzitangaza, baada ya kifo chake ndipo ndugu yake Alexander alipozifanya zijulikane. Nyingi zilizungumza juu ya mapenzi, mauti na yule aliyemtangulia.

Tusitie chumvi. Wahakiki wa Kijerumani hawamweki Humboldt katika safu moja na Goethe wala Schiller, waliokuwa rafiki zake. Soneti zake nyingi ni tulivu, za mtu anayejizungumzia. Lakini swali langu halikuwa juu ya nafasi yake katika safu. Nilitaka kujua kwa nini alichagua soneti. Mtu aliyenyang'anywa wepesi wa viungo angeliweza kuchagua utungo ulio huru, usiomdai kitu. Yeye alichagua kifungo: mishororo 14, isiyozidi wala kupungua, yenye mpango wa vina na mizani zinazohesabika kwa vidole.

Jibu ninalolitoa ni langu, na nalitoa kwa sababu nimelionja. Waganga wa maradhi haya wanajua tangu zamani kwamba mgonjwa ambaye miguu yake imeganda mlangoni, asiyeweza kunyanyua hatua moja, huweza kuvuka akiwekewa mistari sakafuni ya kukanyaga, au akipigiwa mdundo wa kuufuata. Maradhi huharibu ile sehemu ya ubongo inayoendesha mambo yajiendeshayo. Mstari na mdundo humpa mgonjwa njia nyingine ya kupitia. Mbele ya uwanja mtupu miguu huganda, ikioneshwa pa kukanyaga hukanyaga. Basi mizani ni mistari ya sakafuni. Kina ni mdundo. Mtunzi aliyekaa mbele ya ukurasa usio na sharti huganda kama yule wa mlangoni, na mtunzi anayejua kwamba mshororo huu unadai silabi nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba kina cha kati ni hiki, amekwisha oneshwa pa kuweka mguu.

Washairi wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa hayo na Mjerumani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa takriban miaka tisa baada ya Humboldt na kufariki mwaka 1840, alikuwa akitunga katika miaka ileile, kwa mizani ileile tunayoitumia leo. Na tungo zake zilitufikiaje? Kwa sehemu kubwa zilikaa vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na William Taylor akazihifadhi, na mwaka 1940 zikatoka kitabuni kwa mkono wa William Hichens. Shairi lililofungwa kwa vina na mizani hubebeka bila ya kalamu. Wazee wetu walilijengea ukuta ili lisimwagike njiani. Humboldt, ambaye mkono wake haukuweza tena kulishika shairi karatasini, alihitaji chombo cha namna hiyohiyo: kitu cha kujazwa kichwani mchana na kumiminwa mbele ya karani bila ya tone kupotea.

Soneti hazikuwa kazi yake peke yake. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akiandika kitabu chake kikubwa juu ya Kikawi, lugha ya kale ya ushairi katika kisiwa cha Java. Kilichapishwa baada ya kifo chake, kwa juzuu tatu, baina ya 1836 na 1839. Kikawi kimejaa maneno ya Kisanskriti kiasi kwamba mgeni angeweza kukidhani ni lugha ya Bara Hindi. Humboldt alionesha kwamba mifupa ya lugha ile, yaani sarufi yake, ni ya Kimalay, na akazilinganisha lugha za jamaa hiyo kuanzia visiwa vya bahari ya Pasifiki hadi Madagaska, jirani yetu. Msomaji wa Kiswahili hapo atatabasamu, kwa kuwa sisi tumesikia mara nyingi lugha yetu ikihesabiwa kuwa ya Kiarabu kwa ajili ya maneno iliyoyaazima, hali mifupa yake ni ya Kibantu. Humo humo, katika dibaji ndefu ya kitabu hicho, ndimo alimoeleza kwamba lugha isitazamwe kama kitu kilichokwisha tengenezwa kikawekwa rafuni. Ni kazi inayofanyika kila mara mtu anenapo. Nimejiuliza kama mtu mwenye viungo vizima angeliliona hilo kwa uwazi huo. Yeye kila asubuhi alikuta mkono wake si kitu alichonacho, ni kitu anachopaswa kukifanya upya.

Baada ya Humboldt elimu ya maradhi haya ilikwenda polepole, kisha ikakimbia. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff alionesha katika tasnifu yake mjini Paris kwamba kinachokufa ni seli za sehemu ndogo nyeusi iliyomo shinani mwa ubongo. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliigundua kazi ya kemikali iitwayo dopamini, na mwaka 2000 akapewa nishani ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, alionesha kwamba wagonjwa wamepungukiwa na kemikali hiyo; mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer wakawadunga dawa ya levodopa, na watu waliolala wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias, huko New York, akaonesha jinsi ya kuitumia kwa kumeza.

Hapa pana jambo litakalowashangaza wenzangu wa pwani. Levodopa imo ndani ya mbegu za upupu, ule ule tuliotupiana utotoni tukajikuna mpaka machozi. Wataalamu wa Bara Hindi waliitoa katika mbegu hizo mwaka 1937, na matabibu wa Ayurveda wamezitumia kwa muda mrefu. Msomaji asije akaenda kichakani kuchuma dawa: kiasi chake hakipimiki kwa kiganja, na kikizidi hudhuru. Vidonge vipo, na daktari ndiye mwenye mizani hiyo.

Vidonge navyo vimeleta swali ambalo Humboldt hakuwa nalo. Imeonekana tangu vianze kutumika kwamba baadhi ya wagonjwa, hata wasiopata kushika brashi maishani, huanza kuchora au kuandika mashairi kwa shauku isiyozuilika. Dopamini ndiyo kemikali ya hamu na ya kutazamia malipo; ikiongezwa, hamu huongezeka. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni mchungu: wapo wanaoangukia kamari au manunuzi yasiyo kikomo, hasa kwa dawa zinazoiga kazi ya dopamini. Mtunzi anayemeza kidonge saa mbili asubuhi na kupata beti nne saa nne ana haki ya kujiuliza ni nani aliyetunga. Nilijiuliza hivyo wiki nyingi. Kilichonituliza ni yule mzee wa Tegel, aliyetunga soneti elfu moja na ushei bila ya kidonge kimoja. Dawa huongeza upepo tangani. Chombo na nahodha walikuwapo kabla yake.

Na si kila chombo hufika. Linda Ronstadt, mwimbaji wa Marekani, alitangaza mwaka 2013 kwamba hawezi tena kuimba. Madaktari wakautaja ugonjwa wa Parkinson, na baadaye wakasema ni ndugu yake aliye mkali zaidi. Sauti ile haikurudi. Barbara Thompson, mpiga saksafoni wa Uingereza, aligunduliwa na Parkinson mwaka 1997. Vidole vilipomkataa aliendelea kuwatungia wengine muziki, hadi alipofariki mwaka 2022. Huko Brooklyn, tangu mwaka 2001, wachezaji wa kundi la Mark Morris hufundisha wagonjwa kucheza dansi, na wasioweza kuvuka chumba kwa kutembea wameonekana wakikivuka kwa ngoma. Sanaa haiponyi maradhi haya, wala hakuna kilichoyaponya hadi leo. Kinachowezekana ni kuhama: kutoka kupiga hadi kutunga, kutoka kalamu hadi imla.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo huanza kabla ya hapo. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta wagonjwa ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la wanachougua. Walikuwa wakiishi kama Humboldt, kwa kuamini ni uzee. Huku visiwani nako nimesikia mengi: uzee, pepo, husuda ya jirani. Nimesikia na la kuumiza zaidi, kwamba mzee fulani “amekwisha”, kwa kuwa uso wake hautabasamu tena na sauti imeshuka. Uso umeganda, aliye nyuma yake hakuganda. Ni watunzi wangapi tuliowahesabu kuwa wameacha kutunga, kumbe hapakuwa na wa kuwaandikia?

Nawaomba basi wasomaji wa jarida hili jambo moja. Mwenye mzazi au mwalimu aliyekuwa akiandika, na ayatazame madaftari yake. Akiona herufi zinapungua kimo mwaka hadi mwaka, ampeleke kwa daktari mapema. Kisha achukue kalamu, akae naye.

Kwangu mimi anayekaa ni binti yangu wa mwisho, baada ya sala ya isha. Nampa beti moja kwa usiku, mbili nikijaaliwa. Hukosea tahajia, nami humkaripia, naye hunijibu kwamba karani asiyelipwa hakaripiwi. Ubeti wa kwanza alioniandikia ni huu:

Mkono umetetema, kalamu yanidondoka,
Herufi zarudi nyuma, mstari haukufika,
Moyo ungali na hima, neno lingali latoka,
Keti nami, shika wino, nikupe lililobaki.

Ule ubeti nilioutafuta kabatini nimeupata, na sasa umekamilika. Nusu yake imo katika mwandiko wangu wa zamani, na nusu katika mwandiko wa binti yangu, mkubwa na wa kusomeka.